Tunatafuta pwani tulivu kwa miaka 15 ya ndoa: tunatoka Dodoma na tuna siku tano tu

MLETA UZI

Habari za jioni, ndugu zangu. Septemba ijayo mimi na mke wangu tutatimiza miaka 15 ya ndoa, na kwa mara ya kwanza tumefanikiwa kupata likizo kwa wakati mmoja, yeye akiwa muuguzi wa zamu hapa Dodoma na mimi nikiwa mhasibu. Watoto watabaki kwa bibi yao Mpwapwa. Tunazo siku tano na usiku nne, na jambo pekee tulilokubaliana mpaka sasa ni kwamba twende baharini, mahali palipo kimya.

Neno hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu tuliwahi kuumia. Tulipotimiza miaka kumi tulikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni nje kidogo ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, tukaikuta imekodishwa kwa sherehe ya kampuni. Spika zilipangwa hatua chache kutoka dirisha letu, mshereheshaji akaanza kupima sauti saa tisa alasiri, na mke wangu, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku siku moja kabla, aliishia kulala ndani ya gari. Asubuhi tuliletewa juisi ya embe kama pole.

Safari hii nimejitahidi kutafuta mapema. Kinachotusaidia ni treni ya SGR, kwa maana tangu ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari ya Dar es Salaam iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya takribani saa nne. Kwa hiyo naiona pwani yote kuwa iko karibu kuliko zamani, na nimebaki na majina matano: Bagamoyo, Pangani, Mafia, Kilwa, na upande wa mashariki wa Unguja. Bagamoyo naiogopa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi za ofisi hapa tumeijua kupitia semina, na sipendi kusherehekea ndoa yangu kwenye ukumbi ambao nimewahi kukaa nikisikiliza mada ya bajeti. Naomba waliokwenda kwingine wanisaidie.

DEREVA MSTAAFU

Mkuu, hongera kwa miaka 15. Mimi nimeendesha magari katika barabara za huko kwa miaka mingi, na nitakujibu kwa upande wa barabara tu.

Ukitaka ukimya wa kweli, Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, ni jibu zuri. Ufuo ni mrefu, minazi imesimama mpaka karibu na maji, hoteli ni chache na zimeachana. Ukifika Pangani unavuka mto kwenda upande wa Bweni, kisha unaendelea kusini. Baharini, mbele ya pwani hiyo, kuna kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa huzama. Watu hupelekwa kwa boti kuangalia matumbawe, na ni lazima kuondoka kabla bahari haijakifunika.

Tatizo ni kwamba treni yako haikusaidii sana kwa Pangani. Utatoka Dodoma kwa gari hadi Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, halafu uteremke pwani, na hiyo ni siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi. Katika siku zako tano, mbili zitakuwa za dirisha la gari. Kwa mtu mwenye wiki nzima ningesema nenda bila kufikiri mara mbili, na upitie Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini inayopakana na bahari. Kwako wewe, sina hakika.

MZEE WA KILIMANI

Ndugu mleta uzi, kabla ya mahali, tuzungumze majira, kwa kuwa sisi wa Dodoma hukosea hapo kila mara. Huku kwetu mvua ni moja, inaanza Desemba na kuisha Aprili, na ikifika Mei vumbi limesharudi na tunadhani nchi nzima imekauka. Pwani haiko hivyo. Wao wana masika kuanzia Machi hadi Mei, na Mei hiyo unayoiona kavu Dodoma inaweza kuwa siku ya mvua ya kutwa kule. Kisha wanayo vuli, Oktoba hadi Desemba, wakati sisi bado tunayaangalia mawingu kwa matumaini. Nina jirani aliyemchukua mkewe pwani katikati ya Mei akiwa na uhakika kamili wa jua, wakakaa siku tatu wakicheza karata.

Septemba umechagua vizuri. Mvua hakuna ya kutisha, joto halijapanda, na wageni wengi wa Julai na Agosti wanaanza kupungua. Jambo la kujua ni upepo wa kusi, ambao Septemba bado upo ingawa unaelekea kulegea. Ukikaa kwenye ufuo unaotazama kusini au mashariki utausikia, na wapo wanaoupenda kwa sababu unapoza, lakini hautofautiani sana na upepo wetu wa Agosti unaogonga mabati usiku.

MPENDA MAFIA

Naona Mafia imetajwa kwa haraka na kuachwa. Mimi na mume wangu tulikwenda mwaka wa tano wa ndoa yetu na sijaona mahali tulivu kuliko pale. Sehemu ya kusini mashariki ya kisiwa imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na hakuna disko wala msururu wa magari. Unavuka kwa mashua kutoka Utende hadi kisiwa cha Chole, unatembea katikati ya magofu yaliyoshikwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa walao matunda wananing'inia juu ya kichwa chako mchana kweupe. Na kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hali watu na anaogelea karibu na Kilindoni. Kaka, mpeleke shemeji akaogelee na papa potwe, hatasahau.

MZEE WA KILIMANI

Dada, nakubaliana nawe kuhusu Mafia, ila papa potwe wanaonekana kwa wingi kuanzia Oktoba hadi karibu Machi. Mtu akienda Septemba kwa ajili yao anaweza kurudi na picha za maji matupu. Septemba ni wakati wa nyangumi, ambao hupita katika pwani yetu kati ya Julai na Novemba hivi, lakini kumwona nyangumi ni bahati.

MPENDA MAFIA

Ni kweli, sisi tulikwenda Novemba. Naongeza pia kwamba ndege ndogo za kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa tu, ila nauli si ndogo na mizigo hupimwa kwa ukali, kwa kawaida kilo 15 kwa mtu. Njia ya kupitia Nyamisati kwa kivuko ni nafuu, lakini kwa siku tano haitakufaa. Na niseme ukweli, ufuo wa Utende wenyewe una mikoko, na ukitaka mchanga mweupe unapelekwa kwa boti kwenye mafungu ya mchanga. Sisi hilo halikutusumbua.

BINTI WA JAMBIANI

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Jambiani, niliyeolewa Dodoma, ninaishi eneo la Kisasa. Nimesoma uzi huu kwa furaha, lakini naona mnapanga safari ya bahari bila kuiuliza bahari yenyewe. Huku bara mnapanga kwa kalenda ya ofisi. Kwetu mtu hapangi hata kwenda kuchokoa pweza kabla ya kujua mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame.

Maji ya Bahari ya Hindi katika pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua kama saa sita na dakika chache, na kila siku yanachelewa kwa dakika zipatazo 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, kuna maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji juu. Sasa upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe hadi Jambiani na Makunduchi, sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo wakati wa bamvua maji yakipwa unaweza kutembea kilomita nzima na bado ukawa na maji ya kifundo cha mguu. Mgeni asiyejua hufungua pazia saa nne asubuhi, akaona bahari imeondoka, akaenda kulalamika mapokezi kana kwamba wao ndio walioifungua koki.

Kingine ambacho wageni hawakijui ni kwamba saa hizo hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua, kwetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa majira ya saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na ndiyo asubuhi unakuta maji yamejaa. Kwa hiyo anayetaka kuogelea asubuhi aende mwezi ukiwa nusu, na anayetaka kuogelea jioni aende mwezi ukiwa mpevu au mchanga kabisa. Asiyetaka kuhesabu mwezi aende Nungwi au Kendwa, kule kaskazini, ambako maji hayaendi mbali, lakini huko ndiko kila mtu aliko, na Kendwa mwezi ukiwa mpevu ina sherehe zake za ufukweni ambazo nadhani mleta uzi hazitaki hata kwa kusimuliwa.

SHANGAZI WA CHANG'OMBE

Nimesoma yote. Wanaume wameshauri barabara na majira, dada zangu wameshauri papa na mwezi. Mdogo wangu mleta uzi, naomba kuuliza: huyo mke wa miaka 15 ameulizwa anataka kufanya nini akifika huko? Umeandika kwamba mmekubaliana bahari na kimya. Je, anajua kuogelea?

MLETA UZI

Shangazi, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nililazimika kungoja atoke zamu ndipo nimuulize, na nakiri kwamba sikuwahi kumuuliza kwa namna hiyo.

Hajui kuogelea. Nilijua, lakini sikuwa nimelifikiria kuwa ni jambo la kupangia safari. Amezaliwa Kongwa na kukulia hapa, na maji mengi aliyowahi kuyakaribia kabla hatujaoana ni ya Mtera. Nilipomsomea habari za papa potwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Anachotaka, kwa maneno yake, ni kulala bila kengele ya simu, kutembea ndani ya maji yasiyopita goti, kula samaki ambaye hajakaa kwenye barafu kutoka Dar es Salaam, na kutotumia siku mbili kati ya tano barabarani. Kisha akaongeza kitu ambacho mimi nisingekibuni: hataki hoteli inayotazama mawio. Amesema jua likichomoza amelitazama kupitia dirisha la wodi kwa miaka 12 akiwa amechoka, na anataka kuliona likizama akiwa amekaa.

Kwa hiyo, Dereva, nakushukuru, Pangani naiweka kwa mwaka tutakaokuwa na wiki nzima. Mafia pia. Lakini sasa nimekwama, maana Binti wa Jambiani amenishawishi kuhusu kutembea kwenye maji ya kifundo cha mguu, ila upande huo wote unatazama mawio.

MWALIMU WA HISTORIA

Naomba niitetee Kilwa kwa kifupi kabla haijafutwa. Kilwa Kisiwani iko katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na kukaa ndani ya msikiti mkuu wenye kuba wakati hakuna mtu mwingine isipokuwa wewe na mwongozaji ni ukimya ambao hoteli haiwezi kuuza. Lakini kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 300 zaidi kuelekea kusini, na baada ya kusoma maelezo ya shemeji nakubali kwamba hii ni safari ya mtu kama mimi, si yake.

BINTI WA JAMBIANI

Kaka, shemeji ameniridhisha sana. Watu wengi huona maji yakipwa kuwa ni hasara, kumbe kwa asiyeogelea ndiyo raha yenyewe: hakuna wimbi, hakuna kina, unatembea na viatu vyako vya mpira kwa sababu ya viumbe weusi wenye miiba waliojificha kwenye majani, na unawakuta akina mama kwenye mashamba yao ya mwani wakifunga kamba. Viatu tafadhali msivisahau.

Ama kuhusu mawio, ipo sehemu moja mashariki inayotazama magharibi. Angalieni ramani ya Unguja, mtaona rasi ya Michamvi imejitokeza kuelekea kaskazini kama kidole, upande mmoja ukiwa bahari kuu na upande mwingine Ghuba ya Chwaka. Upande wa bahari kuu ni Pingwe, ambako kuna ule mgahawa ulio juu ya jiwe, na wageni hufika kutwa kupiga picha. Upande wa ghuba ni Kae. Kae inatazama magharibi, ardhi yenyewe inaikinga na kusi, na jua linazama mbele yako juu ya maji. Kasoro zake nakwambia mapema: kuna mikoko pembeni, mchanga una matope kidogo mahali fulani, na mwamba wa nje uko mbali. Anayetaka kupiga mbizi hatoridhika. Jioni magari huleta watu wa kuangalia machweo, lakini giza likiingia wanaondoka.

Mkienda siku za mwezi mpevu, asubuhi maji yamepwa na mnatembea, saa kumi yamejaa, na saa kumi na mbili na dakika chache jua linazama wakati maji bado hayajaenda mbali.

MZEE WA KILIMANI

Hapo mmefika. Nina nyongeza ya kiutendaji, kwa kuwa ukimya wa mahali na ukimya wa chumba ni vitu viwili. Kabla hujatuma malipo ya awali, piga simu wewe mwenyewe, usiandike ujumbe tu, na uulize mambo haya: kama kuna ujenzi unaoendelea kwenye kiwanja cha jirani, kwa sababu Zanzibar inajengwa kwa kasi na nyundo huanza saa moja asubuhi, jenereta iko upande gani na umeme ukikatika inawashwa usiku, na kama tarehe hizo kuna harusi au kundi lililochukua vyumba vingi. Hilo la mwisho lingekuokoa miaka mitano iliyopita. Ulizia pia bei ya Mtanzania kwa shilingi, maana bei inayowekwa kwenye mtandao mara nyingi ni ya mgeni wa kutoka nje, na ukinyamaza utailipa.

Uzoefu wangu ni kwamba anayejibu "hakuna kelele kabisa" bila kufikiri hajakusikiliza. Yule anayesema "ngoja nikuangalizie" ndiye wa kumwamini.

SHANGAZI WA CHANG'OMBE

Na mavazi. Michamvi ni kijiji cha watu wenye heshima zao, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Shemeji achukue kanga mbili, zitafanya kazi ya taulo, shuka na mtandio. Kitambulisho cha taifa kila mtu awe na chake.

MLETA UZI

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyoelekeza. Nimepiga simu sehemu tatu za Michamvi Kae. Ya kwanza ilisema hakuna kelele kabisa, na nilimkumbuka Mzee. Ya pili ilikiri kwamba jirani anajenga ghorofa. Ya tatu, yenye vyumba vinane tu, mhudumu alisema atauliza, akapiga mwenyewe baada ya nusu saa na kunieleza kwamba jenereta iko nyuma ya jiko na kwamba chumba cha mwisho upande wa mikoko ndicho kilicho mbali nayo. Nimekichukua hicho, usiku nne.

Kuhusu tarehe, siku yenyewe ya ndoa inaangukia wakati wa maji mafu, kwa hiyo tumesogeza safari kwa wiki moja ili tuufuate mwezi mpevu. Nilidhani mke wangu atapinga. Alinikumbusha kwamba hata harusi yetu ilisogezwa wiki mbili kwa sababu ng'ombe wa mahari walichelewa kutoka Kibaigwa, na hakuna aliyewahi kuziuliza hizo wiki mbili.

Tutapanda treni ya alfajiri hapa Dodoma, tuteremke Dar es Salaam, tuende bandarini, ambako si mbali na stesheni, na kupanda boti ya mchana ya takribani saa mbili. Jioni tutakuwa Michamvi. Swali langu la mwisho: hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti ya baharini. Tufanye nini ili tusitapike?

BINTI WA JAMBIANI

Kuleni kidogo, msipande na njaa wala na shibe. Kaeni nyuma, chini, katikati ya boti, si mbele ambako inaruka, na mtazame nje kwenye upeo badala ya simu. Dawa ya kichefuchefu shemeji anaijua kuliko mimi. Imezwe kabla ya boti kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa. Wakati wa kwenda kusi litakuwa mgongoni mwenu na mtaona mambo ni mepesi, msije mkasema tumewatisha bure. Wakati wa kurudi Dar es Salaam ndipo mtakutana nalo uso kwa uso, kwa hiyo siku hiyo chukueni boti ya asubuhi mapema, upepo ukiwa haujaamka vizuri, na dawa msiisahau hotelini.